Packard, Stutz, Rolls-Royce au Hispano-Suiza: uanze na cheti kipi cha hisa cha zamani?

Anayetaka kuanza kukusanya vyeti vya hisa vya watengenezaji wa kwanza wa magari ya kifahari hukwama mapema. Majina ni mengi, michoro inapendeza yote, na bei hazieleweki: karatasi mbili za kampuni moja, zinazofanana kama pacha, moja inauzwa makumi ya dola na nyingine mamia. Muuzaji naye hasaidii, maana kwake kila kitu ni adimu.

Magari yenyewe wengi wetu hatutayamiliki kamwe. Yamekwenda kwenye majumba ya makumbusho na kwa matajiri wakubwa. Lakini karatasi iliyochangisha fedha za kujenga kiwanda, yenye sahihi, mihuri na tarehe zake, bado inanunulika na mtu wa kipato cha kawaida. Ndiyo maana naipenda kazi hii, na ndiyo maana inaniuma kuona mgeni akitupa pesa kwenye karatasi isiyomwambia chochote.

Nimechukua kampuni nne ambazo wanaoanza huzitaja sana. Mbili ni za Marekani, moja ni ya Uingereza iliyokuwa pia na kampuni tanzu Marekani, na moja ilizaliwa Hispania ikajulikana zaidi Ufaransa. Historia zao zinagusana: Rolls-Royce ilitumia breki za hataza ya Hispano-Suiza, na wakati wa Vita Kuu ya Pili Packard ilitengeneza Detroit injini za ndege za Merlin za Rolls-Royce kwa leseni. Msimamo wangu nausema mapema ili usome mengine ukiujua: tarehe iliyoandikwa kwenye cheti ina uzito kuliko jina la gari. Cheti ni ushahidi wa fedha. Kinaeleza nani aliiamini kampuni, lini, na imani hiyo iliishia wapi.

Vigezo

Kampuni zote nne nimezipima kwa mambo yaleyale. La kwanza ni upatikanaji: ukitafuta leo kwenye minada na kwa wauzaji wa mtandaoni utakipata cheti, na kinataka mfuko wa aina gani? La pili ni sura ya karatasi. La tatu ni kisa, yaani karatasi inashuhudia nini ambacho picha ya gari haiwezi kukuonyesha. La nne ni mitego: nakala, majina yanayokaribiana, hali ya karatasi. Mwisho natazama inamfaa nani.

Kabla ya hapo, kuna tofauti moja ambayo ukiielewa itakuokoa pesa nyingi. Vyeti vya Marekani na Uingereza kwa kawaida vilikuwa vya jina. Jina la mwenye hisa liliandikwa juu yake na kwenye daftari la kampuni, na akiuza, cheti hurudishwa, hufutwa kwa kutobolewa au kupigwa muhuri, kisha mnunuzi huandikiwa kipya. Vya bara la Ulaya vingi havikuwa na jina. Aliyekuwa nacho mkononi ndiye mwenye hisa, na ubavuni kulikuwa na safu za kuponi ndogo zilizokatwa moja moja kila gawio lilipolipwa. Kwa hiyo matundu kwenye cheti cha Marekani ni dalili kwamba kilifanya kazi yake hadi mwisho. Kuponi zilizobaki kwenye cheti cha Ulaya nazo ni saa iliyosimama, kwa sababu zinakuonyesha gawio la mwisho kuchukuliwa lilikuwa lipi.

Cheti cha Marekani kinastahili kutazamwa kwa karibu. Mbele kuna mchoro uliochongwa kwenye bamba la chuma. Soko la Hisa la New York liliyataka makampuni yaliyoorodheshwa yachapishe kwa njia hiyo, tena mchoro uwe na umbo la binadamu, kwa sababu uso na ngozi ya mtu ni vigumu kughushi: jicho hugundua kasoro ya uso haraka kuliko kasoro ya ua au pambo. Pitisha ncha ya kidole taratibu juu ya mchoro na utahisi wino umeinuka. Geuza nyuma utakuta fomu ya uhamisho, jina la dalali, sahihi ya shahidi, na mara nyingi stempu za kodi ya uhamisho, za serikali kuu na za jimbo la New York, zimebandikwa zikapigwa muhuri wa tarehe. Wengi huweka cheti kwenye fremu bila kuusoma upande huo wa pili, na hapo ndipo kuna utamu wote.

Jambo jingine lisemwe wazi. Cheti hiki hakina thamani ya hisa tena. Kwetu siku hizi hisa za Nairobi na Dar es Salaam ziko kwenye akaunti ya CDS, yaani daftari la hisa la kielektroniki, na karatasi imebaki kumbukumbu, kwa hiyo ni rahisi mtu kudhani kwamba karatasi ya kigeni isiyotobolewa bado "inadai". Kwa kawaida haidai. Mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani, SEC, imewahi kuonya kuhusu matapeli wanaouza hati za zamani wakidai zitalipwa kwa dhahabu. Ukiambiwa hivyo, ondoka.

Packard

Ndugu wawili, James Ward Packard na William Doud Packard, walitengeneza gari lao la kwanza mwaka 1899 huko Warren, Ohio. Kampuni yao iliitwa Ohio Automobile Company kabla ya kuchukua jina la Packard Motor Car Company mwaka 1902. Mwaka uliofuata ilihamia Detroit ikiwa na fedha za wawekezaji walioongozwa na Henry B. Joy, na kwenye barabara ya East Grand Boulevard msanifu Albert Kahn akaijengea kiwanda kilichokuja kuwa mfano wa majengo ya zege lililotiwa nondo.

*Upatikanaji.* Kati ya hizi nne, hakuna rahisi kuliko Packard. Sababu iko kwenye hesabu: mwaka 1929 kila hisa iligawanywa kuwa tano, na jumla ikafika hisa milioni 15. Hisa nyingi zilimaanisha wenye hisa wadogo wengi, na wenye hisa wengi wakazalisha vyeti vingi. Vya miaka ya 1930 hadi 1950 hununuliwa kwa makumi ya dola. Vya kabla ya 1910 ni habari nyingine kabisa, na karatasi yenye jina la Ohio Automobile Company ni ya kumfanya mkusanyaji mzoefu asimame wima.

*Sura.* Ni kazi safi ya mabamba ya chuma, karatasi nzito, mipaka yenye nakshi. Makampuni ya Marekani yalipenda kutenganisha kwa rangi cheti cha hisa 100 na kile cha hisa pungufu ya hapo, kwa hiyo unaweza kupanga mfululizo unaopendeza bila kutumia pesa nyingi.

*Kisa.* Hapa chagua kwa makini. Cheti cha Packard cha mwaka 1946 kinakuambia machache. Tafuta kilichoandikwa katikati ya 1929, wakati kila karani aliona anaachwa nyuma asipokuwa na hisa, kisha utazame nyuma kuona kilihamishwa lini. Ukikuta uhamisho wa 1931 au 1932, umeshika mkononi Mdororo Mkuu, ule mporomoko wa uchumi ulioanza 1929, kama ulivyoikuta familia moja: aliyenunua kwa matumaini, na tarehe aliyolazimika kuachia. Kituo kingine ni 1954, Packard ilipoungana na Studebaker kuwa Studebaker-Packard Corporation. Gari la mwisho lenye jina la Packard lilitoka 1958, na mwaka 1962 jina hilo likaondolewa hata kwenye kampuni. Vyeti vya Studebaker-Packard ni rahisi zaidi, na nawashauri wanaoanza wasividharau, maana vinakamilisha hadithi.

*Mitego.* Hatari ya kughushiwa ni ndogo kwa sababu vyenyewe ni vya bei ya chini. Hatari iko kwenye kuuziwa cha kawaida kwa bei ya adimu. Angalia pia mikunjo iliyopasuka na matundu ya kufutia yaliyokula mchoro.

*Kinamfaa* anayeanza, mwalimu anayetaka kitu cha kuwaonyesha wanafunzi wa biashara, na yule anayetaka kujifunza kuzishika na kuzisoma karatasi kabla ya kuhatarisha fedha kubwa.

Stutz

Kama ningeambiwa nichague kisa kimoja tu cha soko la hisa kutoka dunia ya magari, ningechagua hiki, kwa hiyo nitakikalia kidogo.

Harry C. Stutz aliingiza gari lake jipya kwenye mashindano ya kwanza ya maili 500 ya Indianapolis mwaka 1911. Lilimaliza la 11, na kampuni ikatangaza kwamba ni gari lililojijengea jina kwa siku moja. Likafuata Bearcat, gari jepesi la vijana wenye pesa. Mwaka 1916 udhibiti wa kampuni ulimwangukia Allan A. Ryan, dalali wa Wall Street na mtoto wa tajiri Thomas Fortune Ryan, na mwaka 1919 Harry Stutz mwenyewe akaondoka.

Mwanzoni mwa 1920 hisa ya Stutz ilikuwa karibu dola 100. Ikaanza kupanda, na baadhi ya wanachama wa soko wakaona imepita kiasi. Wakafanya biashara ya kuuza hisa za kuazima: unaazima hisa, unaiuza leo kwa bei ya juu, ukitumaini kesho itashuka uinunue kwa bei rahisi na kumrudishia mwenyewe. Ryan akazinunua zote walizouza. Akaendelea kununua, tena kwa fedha za kukopa, hadi ikafika mahali ambapo wenzake walikuwa wanadaiwa hisa ambazo haziko mikononi mwa mtu yeyote isipokuwa yeye. Kufikia mwisho wa Machi bei ilikuwa imepanda hadi dola 391. Tarehe 31 Machi 1920 uongozi wa soko ukasimamisha biashara ya hisa za Stutz, hatua iliyowapa nafuu waliobanwa, ambao baadhi yao walikuwa wenzao. Mwezi Aprili waliouza hisa za kuazima walikubali kumlipa Ryan dola 550 kwa kila hisa.

Alishinda, na ushindi ukamla. Alibaki na rundo la hisa ambazo hakuna tena wa kuzinunua, madeni ya benki, na maadui. Soko likamfukuza uanachama. Mwaka 1922 alitangaza kufilisika akiwa na madeni ya zaidi ya dola milioni 30, na kampuni ikaangukia kwa Charles M. Schwab, mkubwa wa chuma.

*Upatikanaji.* Ni wa wastani. Vya miaka ya 1920 na 1930 hujitokeza kila mara kwenye minada. Vya majira ya machipuko ya 1920 vinatafutwa na wakusanyaji wa aina mbili, wa magari na wa historia ya Wall Street, na bei yake inaonyesha hivyo.

*Sura.* Nzuri kwa kiwango kilekile cha Marekani: bamba la chuma, sahihi, stempu nyuma. Haiipiti Packard kwa mbali.

*Kisa.* Tarehe ndiyo kila kitu. Cheti cha Februari au Machi 1920, chenye jina la kampuni ya udalali kama mwenye hisa, kina joto la vita vile. Cha mwisho wa miaka ya 1920 kina hadithi nyingine isiyo mbaya: Stutz chini ya Frederick Moskovics ilijenga magari ya silinda nane yaliyosifiwa kwa usalama, na moja likamaliza la pili kwenye mashindano ya saa 24 ya Le Mans mwaka 1928. Cha miaka ya 1930 ni cha kampuni inayokata roho taratibu.

*Mitego.* Wauzaji wengi wanaijua hadithi ya Ryan na huibandika kwenye kila cheti cha Stutz, hata cha 1929. Usilipie 1920 ukapewa 1929. Omba picha ya pande zote mbili, soma tarehe ya kutolewa, kisha tarehe ya uhamisho.

*Kinamfaa* mtu anayefuatilia masoko ya hisa, mwanasheria, mwanauchumi, au yeyote anayetaka karatasi moja tu ukutani lakini yenye maneno mengi nyuma yake.

Rolls-Royce

Charles Rolls na Henry Royce walikutana Manchester tarehe 4 Mei 1904, na Rolls-Royce Limited ikaandikishwa Machi 1906. Desemba mwaka huo waliuza hisa kwa umma, na zoezi likakaribia kushindwa. Fedha zilizohitajika hazikutimia hadi dakika za mwisho, Arthur Briggs, mfanyabiashara wa sufu wa Yorkshire aliyekuwa mteja wa magari yao, alipotoa pauni 10,000. Kampuni ambayo jina lake leo linatajwa kama kipimo cha utajiri ilianza kwa kuokolewa na mteja wake.

*Upatikanaji.* Gawanya mara tatu. Vya miaka ya mwanzo ni vya kutafutwa kwa miaka na kulipiwa ghali. Vya miaka ya 1950 na 1960 vinapatikana bila shida na kwa bei ya chini. Katikati kuna ndugu wa Marekani asiyejulikana sana kwetu: Rolls-Royce of America, iliyoanzishwa 1919 na kutengeneza magari Springfield, Massachusetts, kuanzia 1921 hadi 1931. Yalitoka 2,944 tu. Vyeti vyake si vingi, lakini si vya kukatisha tamaa.

*Sura.* Niseme ukweli hata kama utawaudhi wapenzi wa jina hili. Cheti cha Uingereza kwa kawaida ni cha maandishi: jina la kampuni, idadi ya hisa, muhuri wa kampuni uliogandamizwa kwenye karatasi, sahihi za mkurugenzi na katibu. Hakuna mungu wa Kigiriki, hakuna gurudumu lenye mabawa. Anayetaka mchoro wa kupamba sebule atavunjika moyo.

*Kisa.* Cha Springfield ndicho ninachokipenda. Kinaonyesha jaribio la kuhamishia heshima ya Uingereza kwenye soko la Marekani na jinsi lilivyokwama pale Mdororo Mkuu ulipowaondoa wanunuzi. Cha 1970 nacho kina uzito: tarehe 4 Februari 1971 Rolls-Royce Limited iliporomoka kwa gharama za kuunda injini ya ndege ya RB211 iliyokusudiwa kwa Lockheed TriStar. Serikali ya Uingereza ilichukua kitengo cha injini za ndege, na kitengo cha magari kikatengwa na kuuzwa peke yake mwaka 1973. Aliyekuwa na cheti cha jina kubwa hivyo alijikuta ameshika hisa ya kampuni iliyoporomoka.

*Mitego.* Jina linauza lenyewe, kwa hiyo nakala za mapambo zipo. Kipimo ni muhuri: ule wa kweli una mgandamizo unaoonekana kwa nyuma, karatasi ikishikwa kwa mshazari dhidi ya mwanga. Pia soma jina kamili la kampuni, maana Rolls-Royce Motors Holdings ya miaka ya 1970 si Rolls-Royce Limited ya 1906.

*Kinamfaa* mpenzi wa jina lenyewe, fundi au mhandisi wa ndege, na anayetaka zawadi ambayo mpokeaji hahitaji kuelezwa.

Hispano-Suiza

Barcelona, tarehe 14 Juni 1904. Damián Mateu aliweka mtaji, na Mswisi Marc Birkigt akaleta akili ya uhandisi. Mfalme Alfonso XIII aliwapenda kiasi cha gari moja kupewa jina lake. Birkigt alibuni injini ya ndege ya V8 iliyotumika sana upande wa Ufaransa na washirika wake katika Vita Kuu ya Kwanza, na korongo aliyekaa juu ya rejeta za magari yao baada ya vita alitoka kwenye nembo ya kikosi cha rubani Georges Guynemer. Mwaka 1919 wakaonyesha Paris gari la H6, lenye breki za magurudumu yote manne zinazosaidiwa na mtambo. Ni breki hizo ambazo Rolls-Royce ilizilipia leseni.

*Upatikanaji.* Vinapatikana zaidi kwa wauzaji wa Hispania, Ufaransa na Ujerumani kuliko wa Marekani. Bei inapanda haraka kwa vya mwanzo. Kuna suala la kisheria pia: sheria ya urithi ya Hispania ya 1985 inadai kibali cha kutoa nchini mali ya urithi iliyopita umri wa miaka 100, kwa hiyo ukinunua cha kale kutoka Hispania, muulize muuzaji swali hilo kabla ya kulipa.

*Sura.* Vyeti vya bara la Ulaya vya enzi hizo vilichapwa kwa rangi kadhaa, kwa mapambo yaliyofuata mitindo ya sanaa ya wakati huo, na kuponi zake zikaongeza uso mzima wa pili wa kutazama. Kwa macho yangu hakuna cha Marekani kinachofikia cheti kizuri cha Hispania au Ubelgiji. Lakini cheti chenye kuponi ni kikubwa, na fremu yake ni ghali.

*Kisa.* Soma kuponi. Mwaka 1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka Hispania na wafanyakazi wa Barcelona wakatwaa viwanda. Baada ya vita kampuni haikurudi ilivyokuwa, na mwaka 1946 mali zake za magari zikaingia kwenye shirika la serikali la ENASA, lililotengeneza malori ya Pegaso. Upande wa Ufaransa, kampuni iliyoundwa 1923 iliacha magari mwaka 1938 na kubaki na injini za ndege. Mkasi uliokoma kukata kuponi unakuonyesha gawio liliishia wapi.

*Mitego.* Majina. Kulikuwa na La Hispano ya Guadalajara, kampuni dada iliyotengeneza magari na zana za kivita, ambayo mwaka 1931 iliangukia kwa Fiat. Karatasi yake ni halali na ina historia yake, ila si ya kiwanda cha Barcelona, na anayesoma kwa haraka anauziwa mbuzi kwenye gunia. Tatizo la pili ni lugha: bila Kihispania au Kifaransa cha kuombea maji, huwezi kujua kama unashika hisa ya kawaida au hati ya waanzilishi.

*Kinamfaa* mwenye jicho la sanaa, mwenye subira, na anayejua kusoma angalau lugha moja ya hizo mbili.

Waliobaki nje

Duesenberg sijaiweka kwenye mizani kwa sababu vyeti vyake hupanda bei kwa sifa za gari lake la Model J la 1928, hali vingi vinavyouzwa ni vya kampuni ya awali ya miaka ya mwanzo ya 1920, kabla mfanyabiashara wa magari E. L. Cord hajainunua. Pierce-Arrow ya Buffalo na Peerless ya Cleveland fuata maelezo ya Packard. Minerva ya Antwerp ni mlango mzuri wa kuingilia Ulaya bila kulipa bei za Hispano-Suiza. Vya Ujerumani, kama Horch na Daimler-Benz, mara nyingi vina tundu: mamilioni ya hati zilikutwa kwenye ghala la Reichsbank, benki kuu ya zamani ya Ujerumani, huko Berlin, zikafutwa kwa kutobolewa kabla ya kuuzwa. Tundu hilo si kasoro ya kukukimbiza, ila lisilipiwe bei ya kisicho na tundu.

Karatasi na hali ya hewa yetu

Anayeishi Mombasa, Tanga, Unguja au Muscat ana adui ambaye vitabu vya Ulaya havimtilii maanani: unyevu pamoja na joto. Karatasi ya 1920 ikiwekwa kwenye plastiki laini ya PVC kwenye chumba cha pwani hugandamana nayo na kuota madoa ya kahawia. Tumia mifuko ya poliesta, karatasi ya nyuma isiyo na asidi, na usiifunge kabisa hewa. Usitundike kwenye ukuta wa nje, na acha nafasi kati ya cheti na kioo cha fremu. Kwa mende na mchwa, sanduku la bati juu ya rafu ni bora kuliko kabati la mbao. Selotepu isiguse karatasi kamwe, hata ukiona mpasuko unakuumiza moyo.

Ukaguzi wa nakala ni uleule kwa zote nne. Chukua kioo cha kukuzia: mstari wa bamba la chuma ni mstari mmoja usiokatika, nakala ya printa ni vumbi la nukta. Sahihi ya kalamu ina mahali wino ulipozidi na ulipokauka. Muuzaji anayekataa kupiga picha ya nyuma, mwache.

Kwa hali yako

Kama una bajeti ndogo na hujawahi kushika cheti hata kimoja, nunua Packard ya miaka ya 1930 au 1940, ujifunze kuisoma nyuma na mbele, kisha utafute ya 1929. Kama unataka karatasi moja tu na hutarudi sokoni, weka akiba ya Stutz ya mapema 1920 na usikubali mbadala. Kama ni zawadi kwa mzee anayestaafu udereva au uhandisi, Rolls-Royce ya miaka ya 1960 inatosha. Ya Springfield ni kwa yule atakayeuliza maswali. Kama unapamba ofisi na unataka wageni wasimame, Hispano-Suiza, au Minerva ikiwa pesa hairuhusu.

Kama lengo lako ni faida, sikushauri yoyote kati ya hizi. Soko ni dogo, wanunuzi wako mbali, na posta, bima na ushuru hula tofauti ya bei kabla hujaiona.

Na kama umebaki kati ya mbili, andika swali moja unalotaka karatasi ikujibu, kwa mfano "mwenye hisa alifanya nini soko lilipoanguka 1929?", halafu waombe wauzaji wote wawili picha za nyuma. Moja itakuwa na tarehe za kulijibu. Nunua hiyo, hata kama gari lake ndilo lenye sifa ndogo.